Hewa Ina Kimo

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia madarasani, nakwenda kwenye kipima mvua kilicho nyuma ya shule. Tumekizungushia fito za mikaratusi ili mbuzi wasikifikie. Nachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, nasoma mstari pale maji yanapobonyea katikati, si pale yanapopanda ukingoni mwa mrija, kisha naandika daftarini. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba ya shamba. Siku kavu naandika 0, tena kwa uangalifu uleule, maana kwetu sifuri zikifuatana ndizo zinazoleta njaa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Giteranyi, pembe ya kaskazini-mashariki ya Burundi, katika nchi ya Muyinga ambayo tangu 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza. Mashariki yetu ni Tanzania, wilaya ya Ngara, ambako nilikulia kama mtoto wa mkimbizi katika kambi ya Lukole, na huko ndiko Kiswahili kilikoniingia. Tuko kwenye ukingo wa Bugesera, nchi ya chini kwa vipimo vya Burundi: mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Muyinga unapita mita 1,700. Magharibi, kwenye safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile, mvua inaweza kukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa Bugesera mara nyingi hatufikishi 1,000.

Ninayotaka kuyaeleza yalianza na maharage ya jirani yangu. Ilikuwa Septemba 2016, agatasi inaingia, yaani msimu wetu wa kwanza wa kilimo, ule ambao Watanzania hulima kwa mvua za vuli. Zilikuwa zimenyesha mvua mbili, udongo umelowa kiasi cha jembe kuzama. Jirani yangu ni mama mjane anayelea wajukuu watatu. Alikuja kwangu jioni, kikapu cha mbegu mkononi.

"Mwalimu, tupande au tungoje?"

Nilikuwa na simu mpya. Nikafungua ramani ya utabiri, nikaona Muyinga nzima imefunikwa na buluu, rangi ya unyevu. Nikamwambia, "Mama, panda. Hewa imejaa maji."

Akapanda. Maharage yaliota, majani mawili mawili, halafu mbingu ikafunga. Kila alasiri mawingu yalikuja kutoka upande wa Ngara, meupe, yamenona, yakapita. Baada ya wiki mbili yale majani yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, maji yalikuwepo. Yamekataa kushuka." Na hakuwa peke yake: mikoa ya Kirundo na Muyinga ilipoteza mavuno mengi msimu ule, na ukame wa mwisho wa 2016 ulishika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, hadi Somalia.

Maneno yale yalinikaa kichwani miaka. Ramani ya simu haikuwa imedanganya. Unyevu ulikuwepo kweli. Ila ramani ni mkeka, nayo hewa si mkeka. Nilichopaswa kuuliza ni hiki: ule unyevu ulikuwepo kwenye kimo gani?

Jibu nililipata Gitega. Ndiko yaliko makao ya IGEBU, taasisi ya taifa inayokusanya vipimo vya mvua na joto vya nchi nzima, lakini mimi siku hiyo nilikuwa mjini kwa mafunzo ya walimu tu. Jioni, pale tulipofikia, kijana mmoja alikuwa amefungua kompyuta yake mezani. Kwenye skrini Burundi ilikuwa imelala, milima yake imeinuka. Akaishika kwa kipanya, akaiinamisha, akaiinamisha tena, mpaka tukawa tunaitazama kwa ubavuni, kama mtu aliyechuchumaa kwenye ukingo wa meza. Juu ya nchi palikuwa na kitu kama ngozi ya puto, kijani, kinaonyesha upande wa pili. Akaniambia ndani ya ngozi ile unyevu wa hewa unapita asilimia 80, nje yake uko chini ya hapo. Juu ya Ziwa Tanganyika na milima ya magharibi ngozi ilisimama nene kama ukuta wa nyumba. Ukielekea mashariki ilishuka, ikashuka, na ilipofika Muyinga ilikuwa nyembamba kama chapati.

Niliomba kuizungusha mwenyewe. Nikaizungusha mpaka umeme ukakatika.

Programu ile inaitwa IDV, kifupi cha Integrated Data Viewer. Imetengenezwa na Unidata, kituo kilichoko Boulder, katika jimbo la Colorado, Marekani, na hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuipakua. Chini yake kuna kazi ya Bill Hibbard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, ambao tangu miaka ya 1980 walikuwa wakitafuta namna ya kuifanya hewa ionekane imesimama. Programu yao ya mwanzo, Vis5D, nayo waliigawa bure. Mwaka 1989 kundi la Robert Wilhelmson wa Chuo Kikuu cha Illinois lilionyesha filamu fupi ya dhoruba moja ya radi ikikua katika pande tatu, na kazi hiyo ilihitaji kompyuta kubwa za wakati ule, za kujaza chumba. Mimi leo naifanya kwa kompyuta mpakato niliyoinunua imekwisha kutumika, nikiichaji kwa paneli ya jua iliyo juu ya bati la nyumba yangu. Sitaacha kushukuru kwamba watu hao waliamua kugawa walichotengeneza.

Kwa ambaye hajapata kuiona, niseme inafanya nini. Unaipa data, yaani namba za joto, unyevu na upepo zilizopangwa kama matofali ya ghala: safu kwenda mashariki, safu kwenda kaskazini, safu kwenda juu. Wewe unachagua namba moja, tuseme unyevu wa asilimia 80, nayo inatafuta kila mahali hewani penye namba hiyo na kupaunganisha kwa ngozi moja. Hiyo ndiyo iliyonishika Gitega. Lakini chombo ninachokitegemea zaidi ni kisu. Unachora mstari kwenye ramani, kwa mfano kutoka Bujumbura hadi Mwanza, na programu inaikata hewa kwa wima kama unavyokata papai, kisha inakufungulia uone mbegu zimekaa wapi. Ngozi inapendeza macho, na inapendeza kupita kiasi. Inakuonyesha sura ya nje na kuficha kilichomo. Kisu hakifichi. Nakitumia kwanza, ngozi baadaye.

Tena unaweza kuisogeza saa mbele na nyuma. Hapa lazima uwe macho, maana data za dunia nzima huhesabiwa kwa saa za Greenwich. Saa 12 zao, yaani adhuhuri yao, kwetu ni saa nane mchana. Kwa ndugu zangu wa Ngara, ng'ambo tu ya mpaka, imekwisha kuwa saa tisa. Miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nikitafuta mawingu ya alasiri kwenye data ya asubuhi na kushangaa hayapo.

Data zenyewe nazipata kutoka Ulaya. Kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya kimetengeneza hazina iitwayo ERA5, ambayo ni historia ya hewa ya dunia saa kwa saa tangu 1940. Wamechukua vipimo vingi mno, vya vituo vya ardhini, meli, ndege, maputo na setelaiti, wakavipitisha kwenye kanuni za fizikia ili kujaza mahali pasipopimwa. Ukijiandikisha unapewa bure. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu jambo zuri ni kwamba huhitaji kubeba dunia yote. Mimi nakata kisanduku: kutoka Ikweta hadi nyuzi 5 kusini, kutoka nyuzi 28 hadi 34 mashariki. Ndani yake imo miji ya Bujumbura, Kigali, Bukoba na Mwanza. Mwezi mmoja wa kisanduku hicho, mara nne kwa siku, matabaka 37, vipimo vinne, unakuja kwenye megabaiti 20 hivi. Nauanzisha usiku, asubuhi umefika.

Jambo la kwanza nililoliona nyumbani lilinitia hofu. Nilikuwa nimechora upepo wa matabaka yote, nikazungusha nchi ubavuni, nikakuta upepo unavuma chini ya Giteranyi. Ndani ya mlima. Mishale myekundu inapita kwenye udongo, mita mia kadhaa chini ya shule yangu. Nilidhani nimeharibu faili, nikaipakua upya kwa pesa yangu ya wiki. Upepo bado uko ardhini.

Sababu yake nikiieleza ndipo utaelewa hewa inavyopimwa. Wanahewa hawahesabu kimo kwa mita. Wanahesabu kwa mgandamizo, yaani uzito wa hewa iliyobaki juu ya kichwa chako, na kipimo chake ni hektopaskali. Ufukweni mwa bahari ni 1,000 na kidogo. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu inapungua, na namba inashuka. Tabaka la 925 liko karibu mita 770 juu ya bahari, na huo ndio usawa wa ufukwe wa Bujumbura. Tabaka la 850 liko karibu mita 1,500, na hilo ni usawa wa mabati yetu. Lile la 700 liko mita 3,100. Lile la 500 liko mita 5,800. Sasa, kompyuta ya Ulaya inalijaza kila tabaka kila mahali, hata pale ambapo tabaka hilo lingepita ndani ya mlima. Inakisia ingekuwaje kama mlima usingekuwepo. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa jambo hili halina madhara. Kwa Mrundi, matabaka kadhaa ya chini kabisa ni hewa isiyokuwepo. Kwenye ramani bapa usingelitambua kamwe: ungeona rangi nzuri ya unyevu wa tabaka la 925 imetandazwa juu ya Muyinga, na ungeamini. Pande tatu ndizo zilizoniambia kwamba unyevu ule uko kaburini.

Nikairudia Septemba 2016.

Nilichukua zile wiki baada ya mama kupanda. Nikachora mstari kutoka Bujumbura, upite karibu nasi, uende mpaka Mwanza, nikakata. Chini kulikuwa na kijani, kutoka kwenye ardhi yetu hadi kama mita 2,500. Hiyo ndiyo buluu ya simu yangu. Lakini juu yake, kuanzia kwenye mita 3,000, lilikuwa limelala tabaka la kahawia, hewa kavu, refu kutoka upande wa Tanzania hadi karibu na milima ya magharibi. Nikasogeza saa. Siku ya pili lipo. Siku ya tano lipo. Wakati mwingine kijani kilipenya kidogo, kikanyanyuka kama kidole, kikafika pale na kuishia.

Mama yeyote aliyewahi kupika maharage nje anajua kinachotokea hapo. Wakati wa ici, kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti, mvuke wa chungu ukipanda shubiri mbili hauuoni tena. Hewa kavu imeunywa. Asubuhi ya masika mvuke uleule unazagaa hadi kwenye paa. Wingu nalo ni mvuke wa chungu. Alasiri jua linachemsha ardhi, hewa inapanda, inapoa, inakuwa wingu. Ili liwe wingu la mvua lazima lipande kilomita nyingi, lipite mstari wa barafu ambao katika nchi zetu za joto uko karibu na mita 5,000, liendelee. Likikutana na hewa kavu mita 3,000, ile hewa inaingia ubavuni mwake na kuyanywa matone. Kwa macho ya mkulima aliyeko chini, wingu limekuja, limenona, limepita.

Na kwa nini tabaka lile lilikaa wiki nzima? Sababu ilikuwa mbali sana na Giteranyi. Mwaka 2016 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Indonesia yalikuwa ya moto kuliko kawaida. Kule hewa ilipanda na kumwaga mvua. Hewa iliyopanda lazima ishuke mahali, ikashukia Afrika Mashariki. Hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Mwaka 2019 mambo yaligeuka: bahari ya upande wetu ikawa ya moto, ya Indonesia ikapoa. Nimekata hewa ya Novemba na Desemba ya mwaka huo kwa kisu kilekile, na ni vigumu kuamini ni nchi ileile. Kijani kimesimama kutoka ardhini hadi kilomita 6 na zaidi, hakuna kahawia hata upana wa uzi. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Desemba 2019, kule Nyempundu mkoani Cibitoke, mlima uliporomoka juu ya watu waliolala, na zaidi ya 20 wakafa. Hiyo picha ya Desemba siionyeshi wanafunzi bila kuwaambia hilo kwanza.

Nina kompyuta moja na darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini. Wakija kumi wanaziba skrini, wa nyuma hawaoni. Tena kuna jambo la programu ambalo lilinisumbua kama mwalimu. Hewa ya mvua ina unene wa kilomita 17 hivi, nayo nchi ninayoichora ina upana wa kilomita mia saba. Ukiichora ilivyo utapata utepe mwembamba usioonyesha kitu. Kwa hiyo programu inavuta kimo, mara kumi, mara ishirini, upendavyo. Milima ya Burundi inakuwa mikuki. Wanafunzi wanaamini mbingu iko mbali sana.

Tukatoka nje. Nilikata mti wa mkaratusi wenye urefu wa mita 1.7, nikausimika uwanjani. Kipimo chetu: sentimita 10 ni kilomita 1, kwenda juu na kwenda pembeni vilevile, bila kuvuta chochote. Chini ya mti tukaweka tofali lenye kimo cha sentimita 14. Hiyo ni Giteranyi. Sentimita 31 tukafunga kitambaa cha kahawia. Sentimita 48 kitambaa cheupe, hapo barafu inaanza. Sentimita 58 cha kijani, usawa wa tabaka la 500, na kwenye ncha kitambaa chekundu, dari ya mawingu makubwa ya radi. Kisha wanafunzi wakaenda kusimama. Wa mji wa Muyinga alisimama mita 3 tu kutoka kwetu, tofali lake limeinuliwa kidogo. Wa Bujumbura alikwenda mita 15, kusini-magharibi, na tofali lake likawa bapa, sentimita 8. Wa Bukoba alikwenda mita 20, karibu na goli la mpira, ameshika beseni la maji, yaani Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe limekaa juu kuliko Bujumbura. Tulipopima Mombasa, ilibidi mvulana avuke barabara, zaidi ya mita mia moja.

Wakanyamaza. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akapima kwa mkono wake kutoka juu ya tofali hadi kwenye kitambaa cha kahawia. Shubiri haikutimia.

"Mwalimu, ni hapa tu?"

Ni hapo tu. Sentimita 17, yaani kilomita 1 na mita 700 juu ya shamba la mama. Kimo hicho kingelazwa chini kiwe barabara, mtu angeitembea kwa nusu saa.

Mwenye beseni naye alikuwa na kazi. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, pepo zinatiririka kutoka pande zote kuelekea majini, zinagongana, zinapanda. Ndiyo maana dhoruba kali za Ziwa Viktoria hupiga usiku, na wavuvi wengi hufa humo. Karibu na alfajiri mabaki yake yanasukumwa magharibi. Nikimwambia msichana wa Bukoba atembee polepole kuja kwetu na kitambaa cheusi, yaani mabaki hayo ya dhoruba, wanafunzi wanaelewa kwa nini asubuhi nyingi tunaamka chini ya utando mwembamba wa mawingu ya juu yasiyotoa kitu.

Lazima niseme pia ambapo picha hizi hazistahili kuaminiwa. Mraba mmoja wa ERA5 una ubavu wa kilomita 28 hivi, na kati ya Giteranyi na mji wa Muyinga huenda ukapata mraba mmoja, au miwili. Wingu la mvua ya mawe linaweza kuwa na upana wa kilomita 5. Kwa hiyo programu hainionyeshi wingu. Inanionyesha nyumba ambamo wingu linaweza kuishi au kufa. Wingu lenyewe linaonwa na setelaiti ya Meteosat, inayotutazama kutoka kilomita 36,000 juu ya Ikweta, na linaonwa kwa ukaribu zaidi na rada. Jirani zetu wa Rwanda wanayo Maranyundo, katika Bugesera yao, na Tanzania wanayo Mwanza.

Tena kuna kinachonisumbua zaidi ya ukubwa wa miraba. Rangi inatandazwa laini kila mahali, penye kipimo na pasipo na kipimo. Kompyuta haikwambii "hapa nimepima, hapa nakisia". Ukweli ni kwamba hewa ya juu yetu hupimwa kwa nadra. Maputo ya kupimia hewa ya juu hurushwa Nairobi, pale Dagoretti, na kwenye vituo vichache vingine. Katikati ni setelaiti na hesabu. Chini nako kuna mapengo. Vita vilivyoanza 1993 vilikatiza vituo vingi vya mvua vya Burundi, wapimaji wakakimbia, wengine wakafa, madaftari yakaungua. Miaka ambayo mimi nilikuwa Lukole ndiyo miaka ambayo nchi yangu haikuandikwa vizuri.

Ndiyo maana siachi kile kipima mvua cha nyuma ya shule. IDV inakubali faili la maandishi la kawaida, tarehe, mahali, namba, na inaiweka namba yangu kama nukta juu ya ramani yake. Zipo siku ERA5 inasema milimita 6 na mrija wangu ni mkavu kabisa. Ipo siku yenyewe inasema karibu hakuna kitu na mimi nimeandika 31, mvua ya saa moja iliyobeba kuku wa watu. Ningependa kila shule ya Muyinga iwe na mrija wake na daftari lake. Chupa ya maji iliyokatwa vizuri na rula zinatosha kuanzia.

Agatasi iliyopita mama alikuja tena. Wajukuu wamekua, mmoja yuko darasani kwangu. Nilimkaribisha ndani, nikafungua kompyuta, nikakata hewa mbele yake: jana, juzi, na utabiri wa siku tano zijazo ambao Wamarekani huutoa bure mara nne kwa siku. Alitazama muda mrefu akiwa ameshika kidevu.

"Hii ya kahawia ndiyo paa," akasema.

"Ndiyo, mama. Sasa angalia." Nikasogeza saa. Siku ya pili paa likapanda. Siku ya tatu likapasuka upande wa Ngara, kijani kikapita, kikasimama hadi juu ya mstari wa barafu.

"Kwa hiyo nipande."

Nikamwambia sijui kama wingu litasimama juu ya shamba lake au la jirani wa ng'ambo ya bonde. Nilichoweza kumwambia ni kwamba safari hii njia ya kupanda iko wazi. Akafikiri. Akapanda nusu ya mbegu, nusu akairudisha darini.

Siku ya nne usiku radi ilianza saa tano. Asubuhi nilipochuchumaa kwenye uzio wa mikaratusi nilisikia hatua nyuma yangu kwenye nyasi zilizolowa.

"Ngapi, mwalimu?"

Nikasoma mara mbili, pale maji yanapobonyea. "Kumi na tisa na nusu."

Alirudia namba ile kwa sauti ndogo, akatazama upande wa shamba, kisha akageuka kwenda kuchukua kikapu.